Gunia Lililovaa Leso ya Mama

Naona haya kuyasimulia haya, lakini kwa kuwa Msambweni nzima imeshayajua, na Ukunda nusu, na sasa hata Nakuru wapo wanaoyajua, afadhali myasikie kutoka kwangu mimi mwenyewe kabla hamjayasikia kwa mtu mwingine atakayeyatia viungo (ingawa kusema kweli hayahitaji kiungo chochote). Mpaka leo nikipita na gari pale njia panda, watu huinama kwanza kumtazama aliyekaa kiti cha mbele, humtolea salamu, hungoja jibu, na wakishalipata ndipo wanaponisalimu mimi. Wanafanya hivyo kwa adabu sana, na hiyo adabu ndiyo inayoniua.

Mimi ni mtu wa kufikiri. Nilimaliza chuo kikuu mwaka juzi, nilikosomea takwimu, na tangu hapo nipo nyumbani natuma barua za kuomba kazi, kila barua naisoma mara saba kabla ya kuituma, na nikishaituma naisoma tena nione kama nimekosea (huwa nimekosea). Mama husema mimi nikipewa embe nitauliza limeanguka upande gani wa mti. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa gari la zamani alitayarishe kwa safari ya Nakuru.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Kaka yangu Kassim, anayefundisha huko Nakuru, alijaliwa mtoto wake wa kwanza, msichana, akampa jina la Mama, Mishi, na arobaini yake ingesomwa siku ya Jumamosi. Mjukuu wa kwanza, tena somo yake. Mama alitaka awepo siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote, lakini Mama hapandi basi. Si kwamba halitaki basi, basi ndilo lisilomtaka. Mara ya mwisho alipanda la kwenda Voi kwenye arusi, akatapika mpaka utingo naye akaanza kutapika, wakamshusha Mariakani, tukaenda kumchukua amekaa kando ya barabara na viatu mkononi. Gari dogo analiweza, mradi akae mbele, kioo kiwe wazi, na dereva asimame kila anapoambiwa simama.

Gari dogo tulilolijua lilikuwa moja tu, la Mjomba Juma, kaka yake Mama. Ni la milango miwili, rangi yake zamani ilikuwa nyeupe, na lina umri kunishinda mimi. Mjomba aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa miaka mingi, na siku hizi macho yake yana ukungu (daktari anasema ni mtoto wa jicho, yeye anasema ni vumbi la miwa), kwa hiyo haendeshi zaidi ya kwenda msikitini na sokoni. Viti vyote vimevalishwa vitambaa vyeupe alivyofuma mkewe kwa mkono, na nadhani anavipenda vile vitambaa kuliko injini. Alinikabidhi ufunguo siku ya Jumapili mbele ya Mama, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Riziki," akasema, "mtaondoka Alhamisi. Likikuzimikia njiani hata mara moja kabla ya Alhamisi, ufunguo narudishiwa na safari hakuna. Siwezi kumpeleka dada yangu akalale Tsavo na simba."

"Halitazimika, Mjomba."

"Na vitambaa vyangu."

"Havitachafuka, Mjomba."

Mama aliniangalia tu, na yale macho yake yalinikosesha usingizi kuliko simba.

Nilichukua daftari nikaandika mambo ya kukagua, yakafika arobaini na moja, halafu nikawa na wasiwasi kwamba nimesahau la arobaini na mbili. Fundi Bakari, ambaye gereji yake iko nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, alimaliza kazi yote Jumatatu adhuhuri: breki, plagi, oili, tairi mbili mpya, spea ikajazwa upepo. Mimi nilisimama nyuma yake siku nzima na daftari langu.

"Na ukanda wa feni?" nikamuuliza.

"Mpya. Nimeutia sasa hivi, nawe umesimama papo hapo uliposimama."

"Na maji ya rejeta?" (Rejeta ni lile tangi la mbele linalopoza injini. Nilikuwa nimesoma habari zake nyingi sana.)

"Yamejaa. Kifuniko nimekikaza. Mwanangu, gari hili ni zima, likizidi kutazamwa litaona haya. Nenda zako."

Ningeenda zangu, mkasa huu usingekuwapo. Lakini jioni ile nilisoma kwenye simu maneno ya mtu fulani aliyesema kwamba gari la zamani lisijaribiwe tupu, lijaribiwe likiwa na uzito ule ule wa siku ya safari, maana injini yaweza kuwa nzima kwa dereva peke yake na ikasalimu amri kwa abiria. Nikalala na neno hilo. Kulipokucha Jumanne nilikuwa nimeshaamua.

Mama aliondoka mapema sana kwenda Kikoneni kwa rafiki yake kuchukua korosho za kuwapelekea wakwe, na simu yake, kama desturi, aliiacha nyumbani kwenye chaji. Sikumwambia nitakalofanya. Nazi tulizokusudia kwenda nazo nilizipakia nyuma, hilo lilikuwa rahisi. Abiria ndiye aliyenipa kazi. Uzito wa Mama niliujua kwa sababu niliuchungulia kwenye kadi yake ya kliniki (najua, najua), nikaenda kwa jirani muuza samaki nikaazima mizani yake ya kuning'iniza, nikachota mchanga ufuoni, nikapima karai moja moja na kuumimina kwenye gunia nililokuwa nimelisimamisha juu ya kiti, maana likishajaa nisingeweza kulinyanyua. Gunia moja halikutosha. Nikapachika jingine dogo juu yake.

Hapo nikaona mchanga unavuja maji, na maji ya bahari, na chini yake kuna vitambaa vyeupe vya Mjomba. Nikakimbia kwenye kamba ya nguo nikachomoa jozi ya leso ya Mama, ile ya zambarau yenye maua makubwa, anayoivaa arusini na matangani na kila mtu anaijua. Kipande kimoja nikatandika chini ya gunia. Cha pili nikalifunika gunia kutoka juu, na kwa kuwa kioo kingekuwa wazi (Mama anataka kioo wazi, na jaribio lazima lifanane na safari), nikakikaza kwa fundo pale gunia dogo lilipokutana na gunia kubwa, kisipeperuke. Halafu nikalifunga mkanda. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama kazi yangu nikaona ni safi. Wallahi sikuona kitu kingine. Niliona uzito.

Nikafungua boneti, nikatazama maji ya rejeta mara moja ya mwisho (ilikuwa ya nne asubuhi ile), nikafunga boneti, nikaondoka. Nia yangu ilikuwa kwenda Ukunda na kurudi.

Pale njia panda, kabla hujaingia barabara kuu, hukaa Bi Mwanahamisi na karai lake la mahamri, na yeye na Mama wamejuana tangu chuo cha Kurani. Nilipunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Akanyanyua mkono.

"Assalaam aleikum, Bi Mishi!"

Gunia likanyamaza.

"Bi Mishi! Salaam aleikum!"

Sasa ninyi mnajua kwetu salamu ni nini. Mtu aweza kukudai, aweza kukununia, aweza hata kuwa amekuchukulia shamba, lakini ukimtolea salaam ataijibu, hata kama ni kwa kuangalia pembeni. Kutojibu ni jambo kubwa. Upepo ukaingia dirishani, leso ikatikisika kidogo, ikawa kama mtu anayevuta nguo yake ajifunike asikuone.

Hapo ndipo ningesema, "Shangazi, hili ni gunia la mchanga." Maneno machache tu. Lakini mimi nikafikiri. Nikafikiri kwamba mimi ni msichana msomi ambaye nimechota mchanga wa bahari alfajiri, nikaupima sawasawa na uzito wa mamangu mzazi, nikauvika leso yake, nikaufunga, na sasa nautembeza mjini, na huyo Mama mwenyewe hayupo nyumbani wala hajui. Kwetu mtu akiona kitu kama hicho hafikirii majaribio ya gari. Anafikiria mganga. Nikaona kabisa habari inavyofika msikitini kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo nikasema:

"Amelala, shangazi."

"Amelala? Saa nne hii? Mishi huyu ninayemjua mimi?"

"Amechoka."

"Amechoshwa na nini? Na mbona amejifunika gubigubi na jua lote hili? Ana homa?"

"Kidogo," nikasema.

Neno lenyewe ni hilo. Sijui kwa nini nilisema kidogo. Nadhani niliona homa kidogo ni uongo mdogo kuliko homa nyingi.

"Subhanallah!" Bi Mwanahamisi akaacha mwiko ndani ya mafuta. "Na mimi nimekusimamisha! Mpeleke, mwanangu, mpeleke, usisimame tena kwa mtu! Bi Mishi, pole ndugu yangu, Mola akuafu!"

Nikampeleka. Ningefanyaje? Na kwenye kioo nikamwona ameshika simu.

Gari lilikwenda vizuri sana, nasema haki yake. Nilipofika Gazi nikapunguza mwendo, nikaona wanawake wawili wamesimama kando ya barabara, wakanitazama, wakatazama kiti cha mbele, wakainua mikono wakaomba dua. Nikajiambia labda wanaomba mambo yao. Mwabungo akatokea mwanamume mmoja akanipungia mkono nipite haraka haraka, kama mtu anayepisha gari la hospitali. Hapo nikaanza kutokwa na jasho, na katika kutokwa na jasho huko sikuitazama geji ya joto hata mara moja, mimi ambaye kwenye daftari nilikuwa nimeandika niitazame kila baada ya dakika mbili.

Nilipoingia Ukunda, karibu na ile njia ya kwenda Diani, pahali penye watu kuliko pote pande zetu hizi, moshi mweupe ukapanda mbele ya kioo, gari likatoa sauti kama ya birika, likazima.

Vijana wa bodaboda hawakungoja kuitwa. Walikuja watano, na aliyetangulia, kijana wa bara mwenye kofia ya sufu, akapiga boneti kwa kiganja.

"Siste, hii imechemka. Tuisukume hadi pale kwa petroli. Lakini mathe ashuke kwanza gari iwe nyepesi."

"Hashuki," nikasema.

"Hawezi?"

"Hawezi." (Angalau hili lilikuwa kweli.)

"Basi, pole mathe. Usijali, tuko na wewe."

Wakasukuma. Nikawasikia nyuma wanavyohema, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mathe ni mzito aisee," na mwingine akamkemea, "Wacha madharau, ni mzazi wa mtu huyo." Nilishika usukani nikiangalia mbele, na nikaapa moyoni kwamba tukifika tu nitatia maji, nitageuza gari, nitarudi nyumbani na sitatoka tena mpaka nipate kazi Uarabuni.

Tulipofika penye petroli, mama mmoja aliyevaa sare ya hoteli akaja na chupa ya maji baridi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionimaliza. Akainama dirishani upande wa pili.

"Assalaam aleikum, mama. Kunywa maji kidogo."

Kimya.

"Mama? Mama, wanisikia?" Akamgusa begani, yaani akaligusa gunia. Akaurudisha mkono wake haraka. "Jamani huyu mama ni baridi! Leso haipandi wala haishuki! Jamani, huyu mama hapumui!"

"Ngoja, dada, ngoja," nikasema, lakini nani aningoje mimi? Mlango ulishafunguliwa, mkanda ukafyatuliwa, na mikono sita ikaingia kumsaidia. Gunia dogo, ambalo sote tulikuwa tumeshakubaliana kuwa ni kichwa, likainama mbele polepole, likaanguka chini, puu.

Ukunda nzima ilipiga ukelele. Mwanamke mmoja akakaa chini kabisa. Mtu akaanza "Innalillahi," na kabla hajaimaliza, gunia kubwa nalo likateleza likafuata, mshono ukapasuka, na mchanga ukamwagika taratibu juu ya viatu vya watu, na ndani yake alikuwamo kaa mdogo mmoja, hai, akatoka akaenda zake.

Ukunda yote ikamsindikiza kwa macho. Kisha yule kijana wa kofia ya sufu akasema kwa upole:

"Siste. Tumesukuma mchanga?"

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana wakati huo huo bodaboda ilifunga breki nyuma ya umati na Mjomba Juma akashuka kabla haijasimama. Bi Mwanahamisi alikuwa amempigia simu. Alimwambia Mishi amepita njia panda hajitambui, salaam haitiki, na Mjomba alitoka nyumbani alivyo, kikoi na fulana, bila kofia, yeye ambaye hatoki hata uani bila kofia. Watu wakampisha. Na kwa macho yake yale ya ukungu aliona mlango wa gari lake uko wazi, watu wamesimama duara, na katikati, chini, kuna kitu kimelala ndani ya leso ya zambarau.

Akapiga magoti pale pale. Akashika ncha ya leso.

"Mishi," akasema. "Mishi, dada yangu. Mimi Juma."

Mpaka hapo nilikuwa naona aibu yangu mimi. Nilipomsikia anavyoita, nilisahau watu wote waliokuwapo. Nikapiga magoti kando yake nikamwambia, "Mjomba, Mama hajambo, wallahi hajambo," lakini hakunisikia, mkono wake ulikuwa unapapasa leso kutafuta uso, ukaingia kwenye mchanga mpaka kifundoni. Akauinua. Akautazama kwa karibu, ukichuruzika kati ya vidole.

"Mama yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Kikoneni, Mjomba. Kwa rafiki yake."

"Na huyu ni nani?"

Nilifikiri. Kweli, hata wakati ule nilifikiri, nikatafuta neno lililo sahihi kabisa.

"Ni uzito wake," nikasema.

Hapo Ukunda ikaangua kicheko. Nasikia wengine walishika nguzo. Mama wa chupa ya maji alicheka huku analia, vijana wa bodaboda walipigana mabega, na muuza maji ya madafu ng'ambo ya barabara akaja na panga mkononi kuuliza kuna nini ili naye acheke. Mjomba peke yake hakucheka. Alikung'uta mkono wake, akakung'uta leso, akaikunja vizuri mara nne kama inavyokunjwa kanzu ya maiti, akaiweka begani.

Fundi Bakari naye alikuwa amefika, kwa bodaboda ya pili (alisema alikuja kwa ajili ya mgonjwa, lakini alikuwa na spana mfukoni). Akafungua boneti, akaangalia muda mfupi sana. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kimekaa juu ya betri, kikavu, kinang'aa.

"Nani alikifungua hiki?"

"Mimi."

"Baada yangu mimi kukikaza?"

"Nilitaka kuhakikisha kimekazwa."

Fundi Bakari akamgeukia Mjomba. "Mzee Juma, gari lako ni zima. Limezimwa na mkaguzi."

Mjomba akanyoosha kiganja mbele yangu. Nikaweka ufunguo. Tulirudi Msambweni Fundi Bakari akiendesha, Mjomba mbele, mimi nyuma na nazi.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Uani kwetu walikuwa wanawake kumi na zaidi, mmoja anafagia, wawili wanapika uji wa mgonjwa, na Bi Mwanahamisi amekaa kwenye mkeka anapokea wageni. Nilikuwa nimeshaanza kuwaeleza, nikafika kwenye mizani ya samaki, ndipo Mama akaingia na kapu lake la korosho kichwani. Wale waliokaa karibu na mlango wakapiga kelele wakakimbilia jikoni.

"Nani amekufa?" Mama akauliza.

Wote walinitazama mimi.

Aliposhaelezwa yote, na alielezwa na watu kumi kwa pamoja, Mama alitua kapu, akakaa, akanitazama. Nilingojea aseme habari ya safari, au ya kaka yake kupiga magoti barabarani. Akasema:

"Umenipima kwa mizani ya samaki?"

"Mama..."

"Na ikafika gunia moja na jingine juu?"

Bi Mwanahamisi akatoka nje akacheke vizuri. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na kupitia dirishani nilimwona ameketi kitandani na lile begi lake la safari, ambalo alikuwa amelipanga tangu wiki iliyopita, na juu yake vile vijikofia vidogo vya sufu alivyomfumia mtoto. Akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvirudisha kabatini. Nilikuwa nimefikiri mambo arobaini na moja, na hilo halikuwamo.

Nikamfuata Mjomba. Nilimkuta anatoka msikitini baada ya magharibi, nikamshika mkono nikaubusu, nikasema kosa ni langu, gari halina kosa wala Mama hana kosa, na kama ni kumpeleka, atafute dereva yeyote mwingine, mimi nitabaki. Nilisema bila kupanga maneno, na nilipomaliza niliona nimeyasema vibaya. Alibadili njia, akaja nami hadi kwetu, akaketi kwenye baraza, na Mama akatoka amejitanda leso nyingine.

"Nilisema likizima safari hakuna," Mjomba akaanza.

"Ulisema."

"Limezima."

"Limezimwa. Bakari ameniambia." Mama akaikaza leso yake. "Juma, kuna mtoto ana jina langu. Jumamosi atakuwa mikononi mwa wakwe watupu."

"Mishi," Mjomba akasema, "mimi leo nilijua umekufa."

Mama akasogea akaketi karibu na kaka yake, wakatazama barabara wote wawili.

"Basi twende sote," akasema baadaye, "unitazame nilivyo hai, njia nzima."

Ndivyo tulivyokwenda. Niliendesha mimi, kwa sababu macho ya Mjomba ni yale yale, Mama mbele na kioo wazi, na Mjomba nyuma na nazi, magoti yakimfika kidevuni, na sharti lake jipya lilikuwa moja: nisiliguse boneti. Tukitia mafuta, anashuka yeye. Maji anatazama yeye, yaani anachovya kidole. Tulipofika Voi alikwenda kuswali, nikainua boneti kidogo tu, nikakiona kifuniko kipo, nikashusha. Mama aliniona. Akageuza uso akatazama milima. Alitapika mara mbili tu hadi Nairobi, tukalala kwa ndugu, na Ijumaa mchana tulikuwa Nakuru, na Mama akampokea somo yake pale mlangoni, akamweka begani na kufumba macho, na watu wote wa nyumba ile wakazungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Nilidhani aibu yangu imebaki Ukunda. Jumamosi, dua ilipokwisha na pilau ilipoliwa, mama mkwe wa Kassim aliuliza kwa adabu tu, "Na gari halikuwasumbua njiani?" na Mama, mbele ya kina mama wote wa kule, na mtoto mapajani, akasema, "Kwanza ngoja niwaeleze nilivyokufa." Akasimulia mwanzo mpaka mwisho. Aliigiza gunia. Aliigiza sauti yangu ikisema ni uzito wake. Wakacheka mpaka mtoto akaamka, na Mjomba Juma, kule upande wa wanaume nyuma ya pazia, ndipo nilipomsikia anacheka kwa mara ya kwanza, akikohoa na kupiga mkeka.

"Lakini mwanangu," mama mkwe akaniuliza akijifuta machozi, "kwa nini hukusema tu kuwa ni gunia?"

Nikafungua mdomo nimweleze, maana sababu zilikuwa nne.

"Mwacheni," Mama akasema. "Ataeleza mpaka kesho."

Basi tangu siku ile nimekula yamini. Nikiulizwa jambo, nitalijibu lilivyo, papo hapo, kabla ya kulifikiria. Ni wiki ya tatu sasa na nimejitahidi. Jana mchana Mama alitoka chumbani amevaa dera jipya alilozawadiwa na wakwe, akageuka huku na huku, akaniuliza kama limemnenepesha. Nikajibu papo hapo. Hajasema nami mpaka sasa, na hapa nilipo nafikiri.